Ndege ya kuua ndege

Bundi alikuwa amekaa chini ya mwarobaini wa shangazi, saa mbili kasoro asubuhi, jua limeshatoka kabisa. Hapo tu ushajua kuna kitu hakiko sawa, maana bundi hakai chini na bundi hana habari na jua.

Mwanzo nilidhani ni kuku. Kafungua mabawa nusu kama tetea anayetaka kulalia, kichwa kinainama kinarudi, kinainama kinarudi, kama mtu anayesinzia kwenye daladala ya mwisho. Nikasogea, hakuruka. Nikasogea tena. Mate yalikuwa yanamtoka, mazito, ya kuvutika, yameshamlowesha manyoya ya kifuani, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ngumi na hawezi kuvikunjua, yaani alikuwa amekalia ngumi zake mwenyewe.

Halafu macho. Bundi ukimkumbuka unakumbuka macho, yale mawili makubwa yanayokutazama kama unadaiwa. Ya huyu yalikuwa yamebaki rangi tu, ile mboni nyeusi ya katikati imekuwa kitone, kama kichwa cha pini. Nikasema labda ni jua. Nikavua kanga nikamtandia juu kama kibanda, nikachungulia chini yake, nikangoja. Mboni haikufunguka.

Shangazi akatoka na ndoo ya maji ya mbuzi, akaona, ndoo ikabaki hewani.

"Usimguse huyo. Huyo kaletwa."

Kaletwa.

Hii ni wiki ya saba na hilo neno bado linanizunguka, maana shangazi alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Bundi kweli aliletwa, na mmoja wa waliomleta ni mimi niliyekuwa nimemshikia kanga.

## Mkulima wa simu

Mnanijua, mi ni wale wakulima wa simu. Nakaa Dar, nina eka tatu za mpunga Usangu, natuma hela ya kulima, hela ya kupandikiza, hela ya palizi, hela ya mbolea, shangazi anasimamia, mwezi wa sita tunagawana. Jaruba lenyewe nalikanyaga mara mbili kwa mwaka nikiwa na mabuti mapya, watoto wananicheka.

Mwaka huu mwezi wa nne, mpunga ulivyoanza tu kuweka maziwa, wakaja kwelea kwelea.

Kadege kenyewe ni kadogo kuliko shomoro, kana mdomo mwekundu kama kamepaka lipstiki. Kamoja kanakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, hicho ni kijiko, hakuna mtu atakayelia kwa ajili ya kijiko. Ila hawaji mmoja mmoja. Wakiwa milioni moja ni tani 10 kwa siku, na milioni moja kwa kwelea sio kundi la kushangaza, Afrika nzima wanakadiriwa kufika bilioni moja na nusu. Wakija kutua kwenye jaruba unasikia kama mvua inayokuja juu ya mabati, ila mbinguni kweupe. Wanaubana mpunga wa maziwa kwa mdomo wanaukamua, wanaacha ganda. Ukipita jioni unaona mashuke yamesimama wima, yamependeza, na mgeni anaweza kusifia. Shuke lenye kitu huinama. Likisimama wima ujue ni tupu.

Kwenye group la skimu yetu ya umwagiliaji video zikaanza kumiminika. Mi nipo kwenye foleni Ubungo, nimekopa, nina hasira, nikaandika. Naikopi hapa kama ilivyo:

"Viongozi mpo??? Watu tumekopa pembejeo, ndege wanamaliza kila kitu mnaangalia tu. TUNAOMBA NDEGE IJE HARAKA kabla hatujabaki na mabua."

Vidole gumba zaidi ya arobaini. Mmoja akasema dada umeongea kama mbunge. Mwingine akaichukua akaipeleka kwa wakubwa, akarudi kutuambia imefika. Sijui kama ndo iliyoleta ndege ya kunyunyizia sumu, pengine ilikuwa njiani tayari, ila siku mbili tatu nilitembea nikijiona.

Jumanne group likajaa tena. Asubuhi: "ndege wamekuja." Jioni: "ndege imekuja."

Kiswahili chetu hiki. Wa imekuwa i, basi, na hiyo ndo ilikuwa habari nzima ya siku.

Jumatano nikapanda basi.

## Dungu

Kabla mtu hajaniambia kwenye komenti kwamba zamani watu walilima bila sumu, naomba niseme kwamba hiyo zamani naijua, nilikuwepo, nilikuwa juu yake.

Nimekulia kwenye dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba. Saa kumi na moja alfajiri giza bado, baridi inauma masikio, shangazi ananigusa kwa mguu, amka, ndege hawakusubiri. Unapanda na kombeo lako na ndoo ya vidonge vya udongo tulivyofinyanga jana yake na kukausha, pembeni debe la kugonga, na kanda za kaseti, zile za kwaya zilizokatika, tumezifunga kutoka mti hadi mti zikipita juu ya mpunga, upepo ukivuma zinalia na kumemeta. Unapiga kelele mpaka sauti inakauka, ikikauka unagonga debe, mkono ukichoka unarudi kwenye sauti. Wanaruka wanakwenda kwa jirani. Jirani anawafukuza wanarudi kwako. Tulikuwa tunarushiana tu, kusema kweli, na mwenye watoto wengi ndo aliyevuna.

Nikiwa darasa la tano nilikosa karibu muhula mzima. Mwalimu akaandika kwenye ripoti: mtoro.

Kwa hiyo mtu akiniambia turudi kwenye kuamia, yaani kukaa shambani kufukuza ndege, mi namuuliza, nani apande dunguni, mtoto wako? Isaya, mjukuu wa shangazi, ana miaka 12, na ile wiki ya kwelea hakukosa shule hata siku moja. Ndege ilimfanyia hilo, sina sababu ya kulificha.

Halafu kuna hesabu. Kuamia eka tatu vizuri unataka watu watatu, elfu saba kwa siku kila mmoja, siku thelathini mpaka mpunga ukomae. Hiyo ni laki sita na elfu thelathini, na chakula juu. Ndege ya serikali, kwetu sisi wenye majaruba, bei yake ni bure.

Nilikuwa nalipenda sana hilo neno bure.

## Sahani

Nilishukia Rujewa jioni, nikachukua boda mpaka kijijini, nimefika vumbi tupu. Shikamoo, marahaba, pole na safari, maji ya kuoga yapo. Nilivyotoka kuoga nikakuta mkekani ugali, mlenda, na sahani ya bati iliyofunikwa.

Shangazi akafunua. Kwelea wa kukaanga.

Kwa ambaye hajawahi: wananyonyolewa, wanatolewa utumbo kwa kidole, chumvi, wanakaangwa kwa mafuta kidogo maana wenyewe wana mafuta, mpaka mifupa inakatika kama bisi. Unakula mzima unaacha mdomo tu. Hiyo ni ladha ya utoto wangu, Dar unaweza kupata kila kitu ila hiyo hupati.

"Isaya kakutafutia," shangazi akasema. Isaya akaangalia pembeni kwa aibu ya kusifiwa.

Nilikula saba. Idadi naikumbuka kwa sababu ile midomo myekundu niliipanga ukingoni mwa sahani, nyota nyota, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo.

Wala sikuuliza wametoka wapi.

Sasa turudi chini ya mwarobaini asubuhi yake. Hatua mbili kutoka alipokaa bundi, karibu na mzizi, kulikuwa na kitu alichotapika. Manyoya yamegandamana na ute, kijivu, ukubwa wa kidole gumba, na katikati yake kimdomo kimoja kidogo chekundu.

Niliingia ndani nikawasha kamera ya mbele ya simu nikaanza kuangalia mboni zangu.

Sicheki. Yaani sasa hivi nacheka, ila siku ile nilikaa kitandani na simu usoni, nafunga jicho nafungua, naenda dirishani narudi gizani, naangalia kama zinatanuka. Zilikuwa zinatanuka. Kichwa kilikuwa kinaniuma lakini nimetoka kukaa kwenye basi kutwa nzima, nani asingeumwa. Nikaenda kumtazama shangazi machoni nikijifanya namtoa kitu kopeni. Isaya alikuwa keshaenda shule.

## Wa nani?

Nikampigia daktari wa mifugo, namba nilipewa na jirani.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Nikamwambia nina bundi hapa, nadhani kala ndege wa dawa, anatetemeka, anatoa mate, hawezi kusimama.

Kimya kidogo.

"Bundi?"

"Ndio."

"Wa nani?"

Nikamwambia si wa mtu, wa porini, nimemkuta. Akavuta pumzi. Akanieleza vizuri tu, kwa upole, kwamba dalili hizo anazijua, mbuzi akilamba dawa ya josho anakuwa hivyo hivyo, na sindano yake ni atropini na anayo kwenye begi. "Angekuwa mbuzi ningeshafika. Lakini dada yangu, nikionekana nimepanda pikipiki nakwenda kumchoma bundi sindano, nyumbani kwa bibi mtu mzima anayeishi peke yake na mjukuu, mimi nitahama na bibi yako hatabaki salama."

Na alikuwa sahihi. Sote tunajua nini kinaweza kumpata bibi kizee ikisemekana anafuga bundi. Nilikuwa namuonea huruma ndege nikasahau ninayemuweka hatarini ni nani.

Akafa saa tano hivi. Hakupiga kelele, kichwa kiliacha tu kurudi.

Nilifunika mkono kwa mfuko wa rambo nikamuinua. Bundi mwepesi jamani. Ukubwa wote ule ni manyoya. Nikachimba shimo refu nyuma ya choo, refu kweli, maana mbwa wa jirani nawajua, na yule aliyetapikwa naye nikamzika humo humo. Shangazi akaja na chumvi ya mawe akanyunyiza juu ya udongo mara tatu, hakusema kitu, na mimi sikumwambia kwamba mkosi wenyewe haukutoka kwa mchawi.

## Amri isiyofutika

Mchana nikakaa kwenye kigoda nikagugo mpaka bando likaisha.

Sumu inayotumika sana kwa kwelea, kwetu na nchi nyingi za Afrika, inaitwa fenthioni. Kwa lugha ya kijiweni inafanya hivi: ubongo ukitaka msuli ujikaze, mshipa wa fahamu unamwaga kemikali kidogo pale kwenye msuli, hiyo ndo amri, msuli unajikaza. Halafu kuna kimeng'enya kazi yake ni kuifuta amri ili msuli ulegee. Fenthioni inamfunga mikono huyo mfutaji. Amri inabaki pale pale. Kaza. Kaza. Kaza. Ndo mate, ndo mboni, ndo zile ngumi, vidole vyake vilikuwa vinatii amri iliyokosa wa kuifuta. Mwisho misuli ya kupumulia inachoka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba haiui wote papo hapo. Ndege inapita magharibi, saa kwelea wanaingia kulala kwenye matete na migunga, inawanyeshea juu kwa juu, wengi wanadondoka hapo hapo usiku ule. Ila wapo waliopata kidogo. Hao alfajiri wanaamka kama kawaida, wanaruka na sumu mwilini na kwenye manyoya, wanakwenda mbali, huko ndo wanaanza kuyumba. Na ndege anayeyumba kwa bundi ni zawadi. Kwa mwewe, kwa kipanga, kwa paka wako, ni zawadi. Nani atahangaika na mwenye mbio wakati kuna mmoja anapepesuka?

Kuna kitu kingine kilinikosesha usingizi zaidi. Marekani waliwahi kuuza hiyo hiyo fenthioni ndani ya vijiti vya ndege kutulia, vya kufunga kwenye maghala ili kuua shomoro na njiwa. Kijiti kina utambi uliolowa. Ndege hali chochote, anatua tu, sumu inapanda kupitia nyayo. Baadaye ikaonekana vipanga na bundi wanaokula ndege hao nao wanakufa, vijiti vikaondolewa sokoni.

Kupitia nyayo. Nikafikiria vile viganja vya shangazi vikinyonyoa, na Isaya pembeni anamsaidia, na ndoo ya maji ya moto.

Na mwaka 2025 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya kunyunyizia, ile kali ya gramu 640 kwa lita kwenda juu, kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi haipelekewi mpaka kwanza iulizwe na ikubali. Chad ndo walioomba na waliomba kwa miaka mingi. Sio marufuku hiyo, ni kuulizwa tu. Nilivyosoma hapo nikawaza hata sisi wenye majaruba tungeulizwa basi. Kisha nikakumbuka mi sikuwa wa kuulizwa. Mi ndo niliyeomba, tena kwa herufi kubwa.

## Gumba

Jioni yake nikarudi kwenye group kutafuta, nikapandisha juu, juu, nikapita ule utani wa Simba na Yanga, nikalikuta.

Jumanne saa nane mchana. TANGAZO. Kwamba jioni kutakuwa na zoezi la kunyunyizia, wananchi wasiokote wala kula ndege walioanguka, wafungie mifugo, watoto wasisogelee eneo.

Chini yake gumba tisa. Moja langu.

Hilo tangazo lilinifikia mimi, zaidi ya kilomita 600 kutoka jaruba, niko ofisini kwenye kiyoyozi, na nikalipa gumba maana yake nimeelewa. Shangazi ana kitochi. Isaya hana simu kabisa. Nilikuwa na namba ya shangazi, nilikuwa na salio, na jioni hiyo hiyo nilimpigia kumuuliza kama ndege imepita na kama imepita upande wetu. Tukaongea dakika nne. Nimeziangalia kwenye simu, dakika nne na sekunde kumi.

Sikumwambia.

Sikuficha, halikunijia tu akilini. Kichwani mwangu lile tangazo lilikuwa la wananchi.

## Waliozidi mimi

Wiki zilizofuata nikawa nasoma habari za ndege na sumu kila usiku, na niwe mkweli, kuna raha fulani nilikuwa naipata, raha ya kukutana na watu wabaya kuliko mimi.

Kenya kuna bonde la mpunga la Bunyala, kaunti ya Busia, huko Mto Nzoia unakokaribia ziwa. Wawindaji wa pale wanamtumia korongo mweusi ambaye mdomo wake haukutani katikati, una pengo, ana kazi nao ya kula konokono. Wanamkamata mmoja hai, wanamfunga kwenye jaruba asimame hapo kama anakula. Wenzake wakipita juu wanamuona, wanaona pako salama, wanashuka. Kumbe konokono waliotandazwa wametiwa sumu ya karbofurani, ile ambayo wengi wameijua kwa jina la Furadan, ambayo punje moja inatosha kuua ndege mdogo. Wanaokotwa, wanauzwa kama nyama. Mtafiti Martin Odino amekuwa akiwafuatilia tangu karibu mwaka 2009. Mwaka huo huo kampuni iliyokuwa inaitengeneza iliamua kuinunua tena kutoka maduka ya Kenya, na kilichosukuma hilo hawakuwa korongo, walikuwa simba, kwa sababu sumu hiyo hiyo ilikuwa inawekwa kwenye mizoga na habari ilikuwa imefika kwenye televisheni ya Marekani. Korongo hajawahi kufika huko.

Yule korongo wa kufungwa sijamtoa kichwani. Anakula konokono wake, hana kosa, na kwa kusimama tu pale anawaita ndugu zake.

Na si mbali na kwetu, Ruaha hapo, hifadhi ambayo imepakana na Usangu, Februari 2018 ng'ombe mmoja aliyetiwa sumu aliondoka na simba 6 na tumbusi zaidi ya 70. Botswana Juni 2019 ilikuwa mizoga ya tembo watatu na tumbusi 537. Tumbusi wana ubaya huo, akiona mmoja anashuka na wa mbali anamuona anayeshuka, wanafuatana, meza moja inawamaliza wa mkoa mzima.

Raha yangu ikaishia Bunyala lakini. Nilisoma kwamba nyama ile inanunuliwa na watu wa hapo hapo, wanajua kabisa ilivyouawa, wanatoa utumbo wanaamini sumu imebaki kwenye utumbo. Kwa kidole.

## Gunia hamsini na nane

Mpunga tumevuna. Eka tatu, gunia 58. Mwaka juzi ambao ndege haikuja na watu wa kuamia tulichelewa kuwapata, tulipata 21.

Nilimweleza shangazi yote kwa simu, mwezi wa tano mwishoni, nikiwa nimejikaza. Fenthioni, nyayo, bundi, tangazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo yule hakuletwa na mtu."

"Ameletwa na dawa shangazi."

"Afadhali." Akapumua kabisa, kumbe alikuwa anaishi na hofu hiyo mwezi mzima, analala anawaza nani jirani anamtaka. Mi nilitegemea ashtuke, yeye kapata nafuu. Halafu akaniambia gunia thelathini na saba za tofauti ni ada ya Isaya ya sekondari na paa la jiko, na bundi watazaliana, na kwamba mimi nisimfundishe mambo ya ndege yeye aliyewafukuza miaka hamsini.

Sikuwa na jibu. Bado sina. Maana mi najua pia kwamba Afrika imewaua kwelea tangu enzi za mkoloni, kwa milipuko, kwa moto, kwa sumu, kwa mamilioni, na bado wapo zaidi ya bilioni, kwelea hana shida, kwelea anataga mvua ikinyesha na watoto wanaruka ndani ya wiki chache. Kenya Januari 2023 walitangaza vita na milioni 6 pale Kisumu. Bundi hana hesabu hizo. Bundi anataga machache na anangoja. Kwa hiyo tunampiga asiyepungua tunampunguza mwingine, lakini ukisema hivyo mbele ya mtu ambaye mashuke yake yamesimama wima unaonekana umeshiba.

Na nimeshiba kweli, mchele wenyewe ndo huo nakula.

Juzi kanipigia kulalamika panya stoo wamezidi mwaka huu. Sitaki kulazimisha habari, panya wapo kila mwaka. Nimeandika tu kwa sababu alisema.

## Isaya

Kitu kimoja nilikuwa sijauliza, na nimekizunguka wiki saba. Nilikuwa nasubiri kisahaulike. Jumapili nikapiga, nikasalimia, nikamwambia shangazi naomba Isaya.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Shule?"

"Nzuri."

"Isaya, wale ndege wa siku niliyokuja mlitoa wapi?"

"Tulitega na kina Baraka. Kwa wavu."

"Wote?"

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Wengine tuliokota anti. Lakini sio waliokufa." Sauti ikachangamka, akajua anachojitetea nacho ni kizuri. "Waliokufa tuliwaacha. Wa kwako nilichagua wanaopumua, ndo wabichi."

Nikamuuliza kama siku zile alijisikia vibaya. Akasema kichwa kiliuma, na tumbo, lakini darasani waliumwa wengi, ilikuwa baridi. Nikamuuliza saa hizi. Akasema mzima. Akaniuliza kwani vipi.

Nikaanza kumweleza, vizuri, polepole, asiokote tena hata akimkuta anapumua, hasa akimkuta anapumua. Akawa anaitikia ndio anti, ndio anti, kama tunavyoitikia wakubwa. Nyuma nikamsikia shangazi anamwambia kitu.

"Anti, bibi anauliza, mwakani unatuma hela ya watu wa kuamia, au tunasubiri ndege?"

Nikamwambia salio linakata, nitapiga.